Nimekula kwake miaka sita bila kulipa, sasa nitasemaje?

BARAZANI KWA SOMO

Assalam aleikum Somo,

Natumai waamka salama. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa hivyo nikirukaruka nivumilie.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Mkomani hapa Lamu, nimeolewa na nina watoto wawili. Mchana nashika hesabu katika duka la jumla. Jioni, tangu mwaka 2019, naandika kuhusu mahali pa kula: hoteli za mbele ya bahari, vibanda vya Langoni, nyumba za wageni za Shela, hata akina mama wapikao vibarazani mwao. Sikutumwa na mtu wala silipwi. Nilianza kwa uchungu. Siku moja nilikuwa gatini, nikaona mke na mume na mtoto wao washuka kwenye boti ya Mokowe. Kijana akawapokea mizigo, akawapeleka moja kwa moja hoteli ninayoijua mimi kwamba chakula chake ni cha kupashwa moto. Kila mtu wa hapa ajua sababu: kijana hupewa asilimia yake na mwenye hoteli. Nikasema moyoni, wageni hawa wastahili kusikia neno ambalo halijalipiwa. Nikaandika. Watu wakasoma, wakaniamini, na mpaka leo wako wanaoniuliza kabla hawajafunga safari.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mzee mmoja, nitamwita Ami kwa sababu ndivyo nimwitavyo tangu nijue kusema. Ana hoteli ya meza nane Langoni. Yeye na marehemu baba walisoma chuo kimoja na walisafiri jahazi moja. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na ile amri ya kutotoka nje usiku, wageni walikatika kabisa. Baba alikuwa akitembeza watalii kwa mashua. Mashua ikalala ufuoni, naye akaanza kuugua. Kwa miezi mingi sinia la wali lilikuja kwetu kila magharibi limefunikwa kawa, na Ami hakulitaja hata siku moja.

Nilipoanza kuandika nilienda kwake kama niendavyo kwingine. Nilipoomba bili alinishika mkono akasema, "Mwana halipi kwa babake." Nilijaribu tena safari ya pili, akakasirika kweli. Nikaacha. Miaka sita nimekula kwake bila kutoa hata shilingi, na nimemwandika mara tatu, zote sifa. Wallahi sifa zile zilikuwa za haki. Mpishi wake alikuwa akikamua nazi mwenyewe, changu wa kupaka alitoka jikoni ngozi imekauka na tui la kasimile limeshika vizuri. Lakini sikuwahi kuwaambia wasomaji kwamba mimi pale silipi.

Tangu kusi iliyopita mambo yamebadilika. Mpishi yule amehamia Malindi, kuna mshahara mzuri zaidi. Mara ya mwisho nililetewa changu ambaye tui lake limekatika, mafuta juu na maji chini. Nyama ilikuwa ikitoka kama pamba iliyolowa, na shombo ilinifika kabla sijainua tonge. Ami alikuwa amekaa meza ya pili ananitazama. Nilimaliza sahani yote, Somo. Nikasema "Alhamdulillahi" nikaondoka. Sikuandika neno.

Wakati wa Maulidi mwalimu mmoja kutoka Garsen alikuja na mama yake na watoto wawili. Alikuwa amesoma yale niliyoandika zamani, akawapeleka kwa Ami. Walilipa shilingi 4,200. Mama mtu alishikwa na tumbo usiku kucha. Mwalimu aliniandikia, hakunitukana, alisema tu: "Nilikuamini wewe, si hoteli." Sijamjibu mpaka leo.

Na kuna jingine ambalo naona haya kulitaja. Miaka miwili nyuma nilinunua mbaazi na mahamri ya shilingi 80 kwa mama mmoja huku huku Langoni. Mahamri yalikuwa ya jana. Nikaandika kwamba ni "mahamri ya kung'olea meno." Watu walicheka, wakapelekeana, wateja wakampungua. Baadaye nikaambiwa asubuhi ile alikuwa ametoka matangani, hakukanda unga usiku. Tangu hapo akiniona huangalia pembeni. Kwa hivyo niliyemlipa nimemkata, na aliyenilisha nimemfunika.

Kijana mmoja wa gatini aliniambia juzi, kwa upole tu: "Dada, mimi nachukua asilimia, wewe wachukua sahani. Tofauti yetu ni nini?" Sikuwa na jibu, na sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Mume wangu asema niache kuandika, hakuna faida ila lawama. Dada yangu asema nikimwandika Ami vibaya nitakuwa nimemtukana baba kaburini. Mimi mwenyewe nafikiria kuyafuta yote niliyoandika kumhusu, kimyakimya, kama hayakuwapo. Nifanyeje?

Ulimi Mzito,
Lamu

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako niliisoma usiku, nikaiweka, nikaisoma tena baada ya Alfajiri. Mara ya kwanza nilisikia mtu anayeuliza kuhusu hoteli. Mara ya pili nikasikia binti ambaye jiko la kwao lilipozimika kuna mkono uliolipelekea chakula, na mkono ule ule sasa unapika vibaya, na binti huyo ndiye ambaye watu wamempa kazi ya kusema. Ukiongeza mwalimu wa Garsen, na mama wa mbaazi uliyemwingiza mwishomwisho kana kwamba ni jambo dogo, naelewa kwa nini hulali.

Nianze na neno ambalo hukuliandika lakini naliona chini ya kila mstari: hongo. Unajiona umehongwa. Je, Ami alikuhonga? Alipokushika mkono na kusema mwana halipi kwa babake, alikuwa akimsema mwandishi au mtoto wa rafiki yake? Mimi nadhani alimsema mtoto. Mwandishi hakumwona kabisa. Kwetu pwani mtu kuingia kwako saa ya chakula akatoka hajala ni aibu ya mwenye nyumba, na mzee wa umri wake hajui njia nyingine ya kumpokea binti ya marehemu.

Ila kuna neno letu lingine ambalo limepata kufika mbele ya majaji, nalo ni takrima. Tanzania, sheria ya uchaguzi iliwahi kuwaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura kwa chakula na vinywaji, kwa hoja kwamba ukarimu ni mila yetu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Sababu moja iliyotajwa hunijia kila nikiyafikiria mambo kama haya yako: mgombea tajiri ana cha kukirimu, maskini hana. Nakuomba uitazame barua yako mwenyewe kwa jicho hilo. Mwenye meza nane aliweza kukusamehe bili miaka sita. Mwenye sufuria moja ya mbaazi hakuweza kukusamehe shilingi 80, wala hakujua kwamba kuna wa kusamehewa. Hakuna kati yao aliyepanga lolote. Hata hivyo mmoja alipata subira yako, na mwingine akapata kichekesho chako.

Kwa hivyo sahani ya Ami ilikuwa ukarimu mtupu mpaka siku uliposhika kalamu. Baada ya hapo ikawa na majina mawili, na ninyi wawili mkaendelea kuiita kwa lile la kwanza. Siwezi kukulaumu kwa hilo, maana ni jina zuri.

Walioifanya kazi hii kabla yako huko ng'ambo walijiwekea mipaka, na inafaa uijue ili uone ni ipi inayokutosha. Craig Claiborne, aliyeshika safu ya chakula ya New York Times tangu mwaka 1957, alikuwa akienda hoteli moja mara kadhaa kabla ya kuandika, gazeti likimlipia, bila kujitambulisha. Wakaguzi wa mwongozo wa Michelin wa Ufaransa hula kama mteja yeyote, hulipa bili, huondoka. Ruth Reichl, aliyeingia gazeti lile lile la New York mwaka 1993, alikuwa akivaa nywele za bandia na nguo za watu wengine ili wahudumu wasimjue. Mwaka huo huo alikwenda hoteli moja ya kifahari mara akiwa bibi asiyejulikana, akawekwa pembeni na kusubirishwa, na mara nyingine akiwa yeye mwenyewe, akapokelewa kama malkia. Alichapisha yote mawili katika andiko moja, msomaji akajionea.

Sasa wewe utavaa nini Lamu? Hata ukijifunika usoni watakutambua kwa mwendo. Vichochoro vyenu punda wawili wakikutana mmoja husubiri. Mtu hajifichi hapo. Kula bila kujulikana, ambako kwa wenzetu ni nguzo, kwako hakupo na hakutakuwapo. Nakuambia hivi ili usijilaumu kwa kuvunja sharti ambalo hukuwa na uwezo wa kulitimiza. Kilichobaki mkononi mwako ni kile alichokifanya yule mama wa nywele za bandia mwishoni: kumwambia msomaji ulipokelewaje. Marekani, mwaka 2009, tume yao ya biashara ilisema wazi kwamba anayesifu kitu alichopewa bure amwambie msomaji hivyo. Hawakukataza kupokea. Walikataza kunyamaza.

Sentensi yako ingekuwa fupi: "Mwenye hoteli hii ni kama baba kwangu na hapa silipi." Hebu ijaribu kwa sauti ukiwa peke yako jikoni. Ikikukwama kooni, jiulize inakwama wapi. Je, unaogopa wasomaji watakuamini kidogo? Hilo lawezekana, wapo watakaoondoka. Au unaogopa Ami ataona umemtangaza kama mtoa hongo? Hilo nalo lawezekana, na mimi nadhani ndilo linalokuuma.

Njia nyingine ni kulipa. Najua umejaribu mara mbili akakasirika. Wako wanaoacha pesa kwa kijana wa kaunta kabla ya kuketi, wako wanaomtuma ndugu kununua cha kwenda nacho, na wengine huenda na mgeni ambaye ndiye anayetoa pochi. Sitakuficha kwamba kila moja ya hila hizi itamfikia Ami kabla ya Isha, na atajua. Umepata kufikiria kuyatenganisha mapenzi na biashara kwa kuyapa mapenzi siku yake? Unampelekea Ami kanzu ya Idi, unawapeleka watoto wako wamsalimie, na unakula kwake nyumbani, kwa mkewe, mpaka ushibe. Hotelini unakuwa mteja. Wazee wengine huelewa jambo hili likisemwa mapema na kwa adabu. Wengine hawaelewi kamwe. Wewe ndiye umjuaye.

Au usimwandike kabisa. Wapo wanaosema mtu asiwaandike jamaa zake wala waliomlea, na ni kanuni safi. Shida yake ni kisiwa. Ukiwatoa jamaa, ukatoa marafiki wa baba, ukatoa wakwe, utabaki na hoteli mbili za wageni za Shela, na yule mke na mume wa gatini ulioanza kuandika kwa ajili yao hawatakuwa na faida nawe. Nafasi ya kuwaambia wasomaji "hapa nina jamaa, someni mkijua" ipo, na si ndogo.

Nirudi kwenye changu, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipika harusi Shela ya Malindi. Jikoni kwake kulikuwa na bibi mmoja, mwembamba, asiyesema sana, ambaye kila sufuria la pilau kabla ya kufunuliwa kwa wageni ilikuwa lazima aonje yeye. Anachota kidogo kwa ncha ya upawa, anaweka kiganjani, anaonja, anasema "chumvi," au "moto wa chini punguza," au hasemi kitu, na mama anapumua. Wanaomsifu mama walikuwa wengi. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akitumiwa mtu kwenda kumwita, hata mvua ikinyesha.

Ami ana nani wa kumwonjea? Mpishi wake wa miaka kaondoka. Wageni wakikerwa hawarudi, wala hawamwambii. Akakutazama wewe, binti mwenye ulimi unaotegemewa na mji mzima, na wewe ukamaliza sahani. Kwa mzee yule sahani tupu ni maandishi, mwanangu. Umemwandikia kwamba chakula ni kizuri, na ameamini. Wasomaji wako hukuwaandikia lolote siku ile, yeye ulimwandikia.

Sisemi hivi kukuumiza. Nasema kwa sababu wewe umeweka mizani mbili tu, kuandika vibaya au kunyamaza, na dada yako naye kaongeza kaburi la baba juu yake. Kumwambia Ami uso kwa uso hakumo katika barua yako yote. Wala simwoni marehemu akikasirika kwamba bintiye kamwambia rafiki yake tui limekatika.

Lakini njia hiyo ina mwiba wake, uone kabla hujaikanyaga. Ukimwambia faraghani, atakuomba usiandike. Akikuomba, nawe ukakubali, mtakuwa mmefanya mapatano, na mapatano hayo yatakuwa mabaya kuliko sahani za bure zote za miaka sita, kwa sababu mara hii mtakuwa mmejua. Kwa hivyo ni vyema uamue kabla ya kwenda yapi ni yake na yapi ni yako. Hali ya jiko ni yake. Siri kwamba ulikuwa hulipi ni yako, na unaweza kuifungua bila ruhusa ya mtu na bila kutaja samaki hata mmoja.

Kisha jiulize unajua nini hasa. Waelekea kusema samaki ameharibika. Wewe ulimla mara moja tangu mpishi aondoke, au zaidi? Wajua kuliko mimi kwamba wakati wa kusi bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki, na samaki wa barafu ndiye anayeliwa kila mahali mpaka upepo ugeuke. Samaki wa barafu si samaki mbovu. Tui lililokatika ni kosa la moto mkali au la mpishi mgeni, nalo hurekebishwa kwa siku moja. Shombo ni jambo jingine. Ukiyachanganya yote katika neno "ameharibika" utamdhulumu, hata kama una uchungu wa haki.

Na mama wa mwalimu? Wakati wa Maulidi mtu hula nyumba tano kwa siku, hunywa maji asiyoyazoea, husafiri baharini. Huenda ni sahani ya Ami, huenda siyo. Muulize mwalimu walikula samaki gani na tumbo lilianza saa ngapi. Jodari na nguru wakikaa nje ya baridi hujenga kitu kiitwacho histamini, ambacho hakitoki kwa kupikwa wala kukaangwa: muda mfupi baada ya kula uso huwa mwekundu, mwili huwasha, kichwa huuma, tumbo huenda. Akikueleza hayo, basi halingoji maandishi mazuri ya mwisho wa wiki. Ami aambiwe siku hiyo hiyo, na afisa wa afya ya umma yupo kwa kazi hiyo. Kwenda kwake si kumchongea mzee. Ni yeye anayeweza kuangalia barafu na sanduku la samaki, wewe huwezi.

Kuhusu sheria sitakaa sana, ila naona huenda kuna mtu amekutisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya iliondoa kashfa katika makosa ya jinai, kwa hivyo kifungu kile hakiwezi kukufunga kwa kusema chakula kibaya. Kesi ya madai bado yaweza kufunguliwa. Kinachokulinda ni ukweli unaoweza kuuthibitisha, na maoni ya nia njema juu ya kitu ulichokionja mwenyewe. "Changu wa Jumanne ile alikuwa na shombo" ni sentensi ya mtu aliyekula. "Huyu auza samaki waliooza" ni sentensi ya mtu anayehukumu, na huna la kuishikilia.

Kufuta yote kimyakimya ninakuelewa, mkono huenda huko wenyewe. Lakini mwalimu keshasoma. Ukifuta, atakayebaki na shaka ni yeye, na yule kijana wa gatini atakuwa amepata jibu lake. Wengine huacha andiko la zamani mahali pake, wakaongeza juu yake tarehe na maneno machache: mpishi wa wakati huo hayupo tena, na mwandishi alikuwa mgeni wa mwenye hoteli. Ni kujivua nguo kidogo mbele za watu, sikatai. Ndiyo maana sikuambii ufanye leo.

Mumeo anataka uache. Sikiliza pia kilicho chini ya maneno yake. Pengine anachotaka ni mke anayelala usiku. Mweleze kwamba haikuchoshi kazi, yanakuchosha haya mawili matatu ndani yake. Kama nimekosea, kama kweli kalamu imekuwa mzigo na chakula chenyewe hakina ladha tena kwa sababu ya kukipima, basi kuacha si kushindwa. Ila usiache kwa sababu ya swali la kijana wa gatini. Kijana yule hakukutukana. Amekuuliza jambo ambalo hata yeye huenda linamkera, maana yeye naye hamwambii mgeni kwamba analipwa. Tofauti kati yenu mpaka leo ni ndogo, hilo kweli. Iko mikononi mwako ikue.

Sasa mama wa mbaazi. Nimemwacha nyuma kama ulivyomwacha wewe, na hilo nalo linasema kitu. Ulimhukumu kwa asubuhi moja. Claiborne wa New York, mwenye gazeti zima nyuma yake, alikuwa harudi ofisini kuandika mpaka ameketi mezani zaidi ya mara moja, na hiyo ilikuwa kwa hoteli zenye wapishi ishirini na zulia sakafuni. Mwanamke anayekanda unga peke yake usiku, hamira ikichelewa kuumuka au msiba ukiingia, ana asubuhi mbovu kama sote. Wateja wake si mamia. Ukimwondolea kumi umemwondolea unga wa kesho.

Je, utarudi? Unaweza kuketi kwenye kibao chake asubuhi tatu nne, ukanunua, ukalipa, ukala. Kama mahamri ni mazuri una la kuandika, ukieleza pia kwamba mara ya kwanza ulikuja siku moja tu na ukafanya mzaha. Kama si mazuri, hakuna anayekulazimisha kuandika chochote. Hatari ninayoiona ni kwamba huenda hataki kutajwa tena na wewe, hata kwa sifa. Watu walishasahau, yeye bado. Ukimwandika upya utawakumbusha. Kwa hivyo labda salamu itangulie, halafu pole ya msiba ule, hata kama ni miaka miwili imepita. Akikuangalia pembeni tena, kula mbaazi zako, lipa, nenda, rudi kesho.

Kwa Ami, ukiamua kwenda, nenda baada ya Alasiri, kabla makaa hayajawashwa na wateja wa usiku hawajaanza kuingia. Usiketi mezani, keti naye barazani. Kahawa ikiletwa, kunywa. Mwanzo wa maneno sikupangii, wewe ndiye uliyekuwa ukifunua ile kawa kila magharibi, na huenda ni hapo pa kuanzia. Halafu mwambie habari ya tui. Mzee aliyekula bahari maisha yake yote anajua tui likikatika lina maana gani. Inawezekana amejua siku nyingi, na anangoja mtu wa kumsikiliza akisema kwamba hana pesa za kumrudisha mpishi wake kutoka Malindi.

Na mwalimu wa Garsen hujamjibu. Hayo mengine yaweza kusubiri Ijumaa. Mwandikie leo, usimweleze habari za hoteli kwanza, muulize mama yake aliamkaje.

Somo